Mtihani wa Baruti

Mume wangu ni askari wa barabarani, na mtaa mzima unamwita Baruti. Jina hilo hakulipata kwa bahati mbaya. Ni mtu mwema, mkarimu, na akitazama harusi ya watu asiowajua kwenye televisheni anafuta machozi kwa pembe ya shati. Lakini ukimgusa pabaya anawaka kabla hujamaliza sentensi. Mimi nimeshamzoea. Nikiona masikio yake yamesimama, naenda uani kuanua nguo, hata kama kamba haina kitu. Moshi ukishapungua ananifuata huko huko na kuniuliza, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, kama chai ipo.

Tatizo ni kwamba barabarani hakuna uani.

Mwaka huu mwendesha pikipiki mmoja alimrekodi kwa simu wakibishana. Baruti, badala ya kuendelea na kazi yake, akampokonya ile simu akaitia mfukoni. Asichokijua ni kwamba simu ilikuwa inarusha mambo yote mubashara mtandaoni. Watu hawakuona kitu, giza tupu la mfuko wa suruali, lakini walisikia kila neno: alivyofoka, alivyomwita mtoto wa watu mshenzi asiye na adabu, na mwishowe, alipobaki peke yake, alivyojisemea kwamba njaa inamuuma na viatu vinambana. Mji mzima ulishika mbavu. Mimi sikucheka. Simu ya mtu si mali ya askari, na anayefanya kazi njiani asikasirike akionekana akiifanya. Hilo hata mama mkwe wangu analijua, naye simu anaishika kama kaa la moto.

Mkuu mpya wa kituo chao, mwanamke mwenye sauti laini na maamuzi magumu, alimwita ofisini. Baruti akarudisha simu, akamwomba kijana radhi, akapewa onyo la mwisho. Akikosea tena atahamishiwa bohari ya polisi, safari ya kutwa nzima kwa basi, akahesabu buti na makoti ya mvua, na nyumbani aje sikukuu kwa sikukuu. Kisha Mkuu akatangaza mtihani kwa askari wake wote wa barabarani. Siku yoyote ndani ya mwezi ule atatumwa mtu aliyevaa kiraia, simu mkononi. Atawarekodi, atawahoji, atawachokoza, na hatasema ametumwa. Atakayejizuia atabaki kwenye kazi yake.

Jioni ile Baruti alinieleza haya akiwa amekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Mke wangu, mimi huko bohari nitakufa."

Moyoni nikasema, wewe utakufa huko, na mimi je, nitaishi huku? Sioni haya kulisema. Mume mwenyewe anakoroma, anabishana na redio, anatupa taulo bichi juu ya mto wangu, lakini ni wangu, na kuku wangu mwenyewe simfukuzii kwa jirani. Nyumba ile bila kelele zake sikuweza hata kuiwaza. Ila sikumwambia hayo. Nilimwambia:

"Vaa kiatu chako. Tutafanya mazoezi. Mwalimu unaye ndani."

Mimi ni msusi, nina saluni yangu, na mtu anayeshinda saluni hapungukiwi na maneno. Tulisogeza meza ukutani, zulia likawa barabara. Binti yetu alishika simu na kurekodi. Mama mkwe alikaa kwenye kochi na mfuniko wa sufuria mapajani na kijiko mkononi, ndiye mwamuzi. Baruti akasimama katikati ya zulia, kofia kichwani, soksi miguuni.

"We afande!" nikaanza. "Mbona gari hili umelisimamisha na lile umeliachia?"

"Kwa sababu… kwani nani kakuuliza wewe?"

Kang! Mama mkwe alipiga mfuniko. "Mwanangu, umeshafika bohari."

Tukarudia.

"Afande, mbona tumbo limetangulia kazini, mwenyewe unafuata nyuma?"

"Tumbo langu limeingiaje hapa?"

Kang!

Siwezi kudanganya, nilifurahia. Ni wake wangapi duniani wamepewa ruhusa ya kumsema mume kila jioni kwa faida ya taifa? Nilimwita mvivu, nilimwita bubu, na yale ya taulo niliyachomeka humo humo ingawa hayahusiani na usalama barabarani. Naye alikuwa anawaka, mfuniko unalia, binti yetu anacheka mpaka simu inatikisika.

Ndipo nikabuni njia. "Sikiliza," nikamwambia. "Mikono yako ionekane muda wote. Ukiulizwa jina, taja jina na kituo. Mwambie ana haki ya kurekodi, asogee tu kidogo asigongwe na gari. Halafu, akisema lolote, wewe jibu: nimekusikia, dada. Au nimekusikia, kaka. Basi."

"Na hasira niipeleke wapi?"

"Usimtazame machoni, mtazame paji la uso. Maneno yaingie sikio hili yatokee lile. Wewe fikiria kitu kingine kabisa. Fikiria maharage."

"Maharage?"

"Yakiwa jikoni. Yanachemka taratibu. Hayana haraka na mtu."

Amini usiamini, maharage yalifanya kazi. Baada ya siku chache niliweza kumtukana kuanzia bafuni mpaka jikoni, naye amesimama kwenye zulia uso mweupe kama sahani iliyooshwa, anajibu, "Nimekusikia, dada." Mfuniko ukapoa. Mama mkwe alichukizwa kwa kukosa kazi.

"Anasema amesikia," akaniambia siku moja. "Hebu muulize amesikia nini."

"Mama, mtihani si wa masikio," nikamjibu. "Ni wa mdomo."

Alinitazama kwa jicho la mkwe, akaenda zake kulala.

Shida nyingine ni kwamba Baruti alianza kumshuku kila mtu. Muuza mayai akitoa simu kutazama saa, Baruti anamwambia, "Una haki ya kurekodi, dada." Bwana mmoja alikuwa anampiga picha mjukuu wake kando ya barabara, Baruti akasimama wima, akataja jina na kituo, yule bwana akabaki kumkodolea macho. Kila aliyeinua simu mbele yake alikuwa msahihishaji wa mtihani.

Basi siku ilipofika mimi nilikuwa saluni, nimeshika kichwa cha mwalimu wa chekechea, upande mmoja umesukwa, upande mwingine umesimama kama nyasi. Mteja mmoja msichana, aliyekuwa wa kwanza kwenye benchi la kusubiri, akapiga kelele.

"Mama! Si mzee wako huyu?"

Video ilikuwa na muda mfupi tu tangu ipandishwe na tayari ilikuwa inakimbia simu hadi simu. Tukaiegemeza simu kwenye kioo. Nikaiona njia panda ya sokoni, na katikati yake mume wangu na kofia yake. Aliyekuwa anarekodi hakuonekana. Ilisikika sauti tu, ya mwanamke, imekauka.

"Nyie mnasimama hapa kuangalia magari, watu wanapotea! Jina lako nani wewe?"

Baruti akataja jina, akataja kituo. Polepole. Mikono mbele.

"Nataka kujua baba yangu mmempeleka wapi!"

"Nimekusikia, dada."

"Nimekwenda kituoni naambiwa nirudi kesho. Mtu mzima, anatumia dawa, hiyo kesho ni ya nini?"

"Nimekusikia, dada. Una haki ya kurekodi. Naomba usogee kidogo tu, gari zisije zikakugusa."

"Usiniambie nisogee! Nyie hamna wazazi?"

"Nimekusikia, dada."

Jamani, nilisimama na kitana hewani. "Vyaelea vimeundwa!" nikawaambia wateja wangu. "Na fundi ndiye huyu mnayemwona!" Wakanipigia makofi. Mwalimu akageuza kichwa kunipongeza, nikamrudisha.

Kwenye video yule mwanamke akaanza kulia. Picha ikatikisika, tukaona lami, tukaona viatu, kisha uso wa Baruti tena. Na Baruti akatabasamu. Nalijua lile tabasamu. Ni la mtu aliyeona jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Akainama karibu na simu, akasema kwa sauti ya chini, na simu ikadaka kila neno:

"Dada, umecheza vizuri sana. Mpaka machozi! Mwambie Mkuu nimemaliza, au bado kuna swali?"

Nikaizima mashine ya kukaushia nywele.

"Nimecheza?" ile sauti ikauliza. Haikupiga kelele tena, na hilo ndilo lililonitisha. "Baba yangu anatengeneza miavuli pale kwenye kona. Jana wamempakia kwenye gari la doria na mwavuli wa mteja mkononi. Hajalala nyumbani. Nimezunguka tangu kumekucha, kila ninayemuuliza ananipa kisogo. Nimetoa simu ili angalau mmoja wenu anitazame. Na wewe unaniambia nimecheza?"

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika nyuma yake. Tulisikia minong'ono, tukasikia mtu anasema, "Huyu si yule wa mfukoni?" Na masikio ya mume wangu yakasimama. Niliyaona waziwazi kwenye kioo kile kidogo cha simu. Ninajua kinachofuata hapo, kwa sababu kwa Baruti aibu na hasira zinatokea mlango mmoja. Nikafumba macho. Nikaona buti zimepangwa rafu kwa rafu, na basi la asubuhi, na mkono wake dirishani.

Sikusikia mlipuko. Nilipofumbua macho alikuwa amevua kofia. Alikuwa ameacha kutazama paji la uso. Alikuwa anamtazama yule mwanamke usoni, juu kidogo ya simu.

"Dada," akasema, "sikukusikia. Nilisema nimekusikia, lakini nilikuwa nafikiria maharage."

Mtu mmoja kwenye umati akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake, akanyamaza.

"Nilidhani umetumwa kunipima. Nimekukosea. Naomba uanze upya, polepole. Na usizime simu. Nikikosea tena, watu waone."

Tulimsikia yule mwanamke akivuta pumzi. Kisha akaanza upya, na mume wangu akasikiliza. Nimeolewa naye tangu niko msichana, na sijawahi kumwona akisikiliza vile. Hakusema tena nimekusikia. Alikuwa anauliza: amevaa nini mzee? Dawa ya nini? Kisukari, na ya asubuhi ameikosa? Mara ya mwisho amekula lini? Akatoa simu yake akapiga kituo cha kwanza, hawamjui. Akapiga cha pili, sauti ya upande wa pili ikaanza maneno mengi, akaikata katikati.

"Bwana, usiniambie kesho. Niambie yupo au hayupo. Nimesimama hapa na binti yake."

Akasubiri. Umati mzima ukasubiri, na saluni nzima. Kisha akashusha simu.

"Yupo. Yuko kwenye benchi la nyuma, hakuna aliyemwandika. Nimewaambia wampe maji na wamwite muuguzi sasa hivi. Twende."

Akamwomba askari mwenzake aliyekuwa ng'ambo ya barabara ashike njia panda, akamfungulia mwanamke mlango wa gari la polisi, na rekodi ikaishia hapo.

Mwalimu wa chekechea alikuwa anafuta machozi kwa taulo langu la saluni. "Ndiye mumeo huyo?"

"Ndiye."

"Na hayo ya maharage?"

"Hayo ni ya kwangu," nikasema, nikarudi kwenye nywele zake.

Mzee wa miavuli alipatikana akiwa dhaifu lakini mzima, ameukumbatia mwavuli wa mteja wake kana kwamba mvua inanyesha mle ndani. Wakamtibu, wakamwachia. Hiyo ndiyo habari njema. Habari nyingine ni kwamba Baruti alikuwa ameacha lindo bila ruhusa, na alikuwa ameutangazia mji mzima kwamba kuna mtihani wa siri. Siku iliyofuata hakuna aliyemrekodi askari bila kuanza na maneno, "Afande, mimi sijatumwa, eh!" Watoto wakaufanya mchezo. Mtihani ukafa kabla ya kufika nusu, na askari wenzake waliokuwa wamejiandaa kwa pumzi ndefu wakamnunia. Mkuu akamwita.

Nyumbani tulijua maana yake. Mama mkwe alikunja mashati ya mwanawe na kuyapanga kwenye begi, akayatoa, akayakunja tena. "Huko bohari kuna panya," akawa anasema peke yake. Mimi nilikuwa mkali kwa kila mtu. Nilimkaripia binti yetu kwa kufunga mlango, nikamkaripia kwa kuuacha wazi. Baruti alitoka asubuhi ile bila kubishana na redio, na kimya chake kilinitesa kuliko kelele zote alizowahi kunipigia.

Yaliyosemwa ofisini alinisimulia mwenyewe, tumesimama getini, kwa sababu sikuweza kumngoja aingie ndani.

Mkuu alimuuliza, "Ule utulivu wa mwanzo, ungekuwa nao kama usingedhani ni mtihani?"

"Hapana, Mkuu. Ningefoka."

"Na yale ya mwisho?"

"Ya mwisho hayakuwa ya mtihani, Mkuu. Hapo nilishajua nimefeli."

Mkuu akachezea kalamu. Kisha akasema, "Barabarani sikurudishi. Lindo haliachwi hivihivi. Lakini pale kaunta ya mbele kuna mtu anayewaambia wananchi warudi kesho. Kuanzia Jumatatu, kiti kile ni chako."

"Kaunta!" Baruti akanifokea mimi hapo getini, kana kwamba ndiye niliyemteua. "Mimi mtu wa barabara, mtu wa jua na filimbi, leo nikae nyuma ya meza kama muuza stempu!" Akawaka, akazunguka, akapiga geti teke, akaumia kidole. Majirani wakachungulia. Sijawahi kufurahia kelele za mtu kama nilivyozifurahia zile.

Wiki ile ya kwanza alisahau miwani yake nyumbani, nikafunga saluni mchana nikampelekea. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mimi, mke wa mwenye kaunta, nikaipita moja kwa moja na miwani mkononi. Baruti hakuinua hata kichwa vizuri. Akanyoosha kiganja.

"Mama, kuna foleni."

Ebo! Nikarudi nyuma damu ikinichemka. Nikasimama nyuma ya bibi aliyepotelewa na kitambulisho na bwana aliyegombana na jirani juu ya mtaro wa maji machafu, na kila hatua niliyosogea nilikuwa naongeza neno kwenye hotuba yangu. Nitamwambia hivi. Nitamwambia na vile. Mfuniko wa mama mkwe ungekosa pa kupumzikia. Bwana wa mtaro alieleza kisa chake mara mbili, na mume wangu alimsikiliza mara mbili, akamuuliza huo mtaro unapita upande gani wa mlango. Nilitamani kumfinya.

Zamu yangu ikafika.

"Karibu, mama. Pole kwa kusubiri," akasema. "Nikusaidie nini?"

Alinitazama machoni kama alivyowatazama wote walionitangulia, na akangoja. Nikafungua mdomo kumwaga hotuba. Haikutoka. Siku zote zile za mazoezi nilikuwa nimempigia kelele mtu huyu, kila jioni, kwa kila jina baya ninalolijua, na jambo lenyewe nilikuwa sijamwambia. Nikaweka miwani mezani. Nikajikuta nalia, mimi, mbele ya watu, kwenye kituo cha polisi.

Nyuma yangu mtu alikuwa ameshainua simu. Baruti aliiona, akaiacha. Alisogeza kiti kutoka upande wake, akakizungusha mpaka kwangu.

"Kaa," akasema. "Anza popote."

"Niliogopa watakuchukua," nikamwambia, mbele ya foleni nzima na simu inayorekodi, na mume wangu akanisikia.